Nani Aliing'arisha Dukati ya Elsie

Waliokuwapo Jumamosi ile katika sebule ya mbele, nyumba ya Northfield, hapa Birmingham, Uingereza, ni hawa, nami nawataja wote ili kila mtu abebe lake. Alikuwapo Mzee Walter Hadley, mwenye nyumba na mwenye dukati, ile sarafu ya kale ya dhahabu. Alikuwapo Dennis, mtoto wa marehemu kaka yake Mzee, ambaye ndiye aliyemshikia mambo yake yote na ndiye aliyeniajiri. Alikuwapo Clive Ostler, mwenye kiduka cha sarafu za kale kule Digbeth, mtu wa shingo fupi na macho yasiyotulia. Alikuwapo Bi Maureen Tranter, mkusanyaji wa sarafu kama wao, na tena rafiki wa marehemu Elsie, mke wa Mzee. Na nilikuwapo mimi, Eunice, Mama Wakesho, niliyekuwa nikimpikia Mzee, kumwogesha na kumsafishia nyumba. Hakuna mwingine. Atakayewaambia kulikuwa na mtu wa sita, mwambieni Eunice amekataa.

Nayasema leo kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Bi Maureen. Baada ya mazishi tuliketi katika ukumbi wa kanisa lao, tukinywa chai na vile visandwichi vyao vya kukatwa pembetatu, na Clive Ostler, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, akamwambia mtu aliyeketi naye, wala hakushusha sauti: "Mwanamke mwema sana, Maureen. Lakini ndiye aliyeiharibu dukati ya Walter." Yule mtu akatikisa kichwa kama aliyeambiwa kwamba marehemu alikuwa mwizi. Nikaweka kikombe chini. Nilipofika nyumbani nikamwambia mjukuu wangu aniletee kalamu na karatasi. Akaniuliza kwa Kiingereza kama naandika wasia. Nikamwambia, lete tu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika najua, na majina ya watu sisahau.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa hii miaka ya elfu mbili, simu zetu zingali na vitufe, na mimi ningali mgeni Birmingham. Nilikaa Nechells kwa binti yangu Wakesho, muuguzi, na kila asubuhi nilipanda basi hadi mjini, kisha jingine hadi Northfield. Nilikuwa mtu wa kushuku. Nasema hivi bila haya, kwa sababu mgeni asiyeshuku ni mgeni anayeliwa. Dereva akinisalimu, nilijiuliza anataka nini. Mzungu akinitabasamia dukani, nilishika mkoba wangu. Na kazi ya kulea wazee ni kazi ya jina: nyumba moja ikikutilia shaka, nyumba zote zinakufungia mlango, na polisi wakishaandika jina lako mara moja, hata ukiwa huna kosa, hakuna atakayekuachia mzazi wake umwogeshe. Hilo nililijua toka siku ya kwanza. Kwa hiyo kwa Mzee Walter sikuwahi kufungua droo ambayo sikutumwa.

Sebule ile ya mbele haikukaliwa siku za kawaida. Ilinuka nta ya mbao. Ilikuwa na mapazia mazito, picha ya Elsie juu ya meko, na kabati la droo nyembamba nyembamba ambalo ufunguo wake Mzee aliuvaa shingoni kwa kamba, hata akilala. Mara moja kila mwezi, Jumamosi mchana, Clive na Bi Maureen walikuja, na Dennis naye akiwa na nafasi. Mimi nilitandika kitambaa cha kijani mezani, nikawasha taa, nikaleta chai, nikaiweka kwenye meza nyingine ya mbali kama nilivyoagizwa. Mara ya kwanza niliwapikia mahamri, yenye iliki, yaliyoumuka vizuri. Hayakuguswa. Yalikaa pale yakipoa huku wao wameinamia vitu vyao, nami nikarudi jikoni nikajiambia, Eunice, hawa wanaogopa mkono wako. Kumbe ni mafuta. Mtu wa sarafu za kale hagusi chakula cha mafuta mpaka droo zifungwe. Bi Maureen ndiye aliyekuja jikoni kunieleza, ana andazi kila mkono. "Usitufikirie vibaya, bab," alisema, maana aliita kila mtu bab, hata mleta barua. "Tungeziachia alama za vidole mpaka siku ya kiyama." Alikula yote mawili akaomba la kufunga kwenye leso. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama akitafuna nikawaza: huyu naye anatafuta nini kwangu?

Walikuwa na adabu zao, na niliwatazama mlangoni kama mtu anayetazama dini ya wengine. Sarafu hushikwa ukingoni, kwa vidole viwili, tena juu ya kitambaa, hata ikiponyoka isiumie. Na haisemewi. Mwenye sarafu mkononi akitaka kuzungumza hugeuza uso kando kwanza, kwa sababu tone la mate, hata lisiloonekana, huacha doa. Watu wazima wale walikaa wakibana pumzi kama watoto wanaojificha. Na kubwa kuliko yote: hazioshwi, hazisuguliwi, wala hazipanguswi hata kwa hariri. Clive aliniambia siku moja, kwa ile sauti ya polepole wanayotumia kwa watu weusi na kwa viziwi, kwamba dhahabu iliyokaa miaka mia nne huota ngozi yake yenyewe, nyekundu kwa mbali, na ukishaiondoa hairudi. "Kuisafisha," alisema, "ni kumchuna mtu ngozi ili apendeze."

Dukati yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, nzito, upana wake kama kifuniko cha chupa ya dawa, na thamani yake ya zamani ilikuwa dukati tano za kawaida kwa pamoja. Upande mmoja ulikuwa na mji: kuta, minara, mto, na daraja la mawe lililochorwa kwa udogo hivi kwamba nilidhani ni ukucha umepita. Mji unaitwa Regensburg, jina gumu lakini nililikariri, na Elsie alizaliwa huko. Ni yeye aliyekuja nayo Uingereza baada ya vita, imeshonewa ndani ya pindo la koti. Ilikuwa na ila moja tu. Juu kabisa, kwenye ukingo, palikuwa na kovu, mahali palipokuwa pamechomelewa kipete cha kupitishia mkufu, maana wanawake wa kwao Elsie waliivaa kifuani. Kipete kiliondolewa zamani. Kila mwezi Clive alilitazama lile kovu kwa kioo chake cha kukuzia akaguna, "Walter, bila hili ungekuwa na malkia." Na kila mwezi Mzee Walter aliinua macho akaitazama picha juu ya meko.

Sasa Dennis. Dennis alikuwa na tabia ya kuja jikoni wenzake wakiwa sebuleni, anaegemea friji, ananiuliza. "Anasahau vitu, Eunice? Gesi je? Anakujua wewe ni nani kila siku? Niambie tu, ni kwa faida yake." Siku nyingine alikuja na mtu aliyetembea nje akitazama paa na madirisha. Mimi ni mjane, nimezikwa... la, nimezikiwa mume, naandika mbiombio. Nimewaona mashemeji wakitazama paa. Najua mtazamo ule. Nikamjibu, "Mzee yuko sawa." Lakini hakuwa sawa sana. Nilikuwa nimekuta birika ndani ya friji. Na asubuhi moja nilipokuwa nikimkausha miguu alinishika bega akaniita Elsie, kisha akaona aibu, akaanza kuzungumzia mvua. Niliyaweka moyoni. Nilijua Dennis akipata neno moja tu, Mzee atapelekwa kwenye makao ya wazee na nyumba itauzwa, na Mzee aliwahi kuniambia kwamba nyumbani pale atatoka akiwa maiti tu, miguu mbele.

Ndipo ikafika Jumamosi ile. Mzee alifungua droo, akatoa dukati, akaiweka juu ya kitambaa cha kijani, na wote watatu wakainamia meza kwa ghafla hivi kwamba mimi mlangoni nilidhani kuna mtu amezimia. Iling'aa. Iling'aa kama kifungo cha askari siku ya gwaride. Clive akaichukua ukingoni, akaigeuza chini ya taa, akaweka kioo jichoni, na nikaona shingo yake ikipanda wekundu. Akaitia kwenye mizani yake ndogo. Uzito ni ule ule, yenyewe ni ile ile, haikubadilishwa. "Imesuguliwa," akasema, amegeuza uso kando hata kwa hasira zile. "Mikwaruzo kila mahali. Nani? Nani kafanya hivi?"

Dennis hakuuliza mtu. Alinipita, akaenda jikoni, akafungua chini ya sinki, akarudi na kopo la dawa ya kung'arishia shaba, lile nililotumia kwenye kitasa cha mlango. Akaliweka mezani taratibu.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni cha nyumba," nikasema. "Nafanyia kitasa."

"Kitasa tu?"

"Kitasa na ile kengele. Dukati sijaigusa. Kabati lina ufunguo, na ufunguo anavaa Mzee."

"Na anayemwogesha ni nani?" akasema Dennis. "Anapooga, ufunguo unakaa wapi?"

Na hapo alikuwa na haki: akioga, ufunguo ulikaa juu ya taulo, karibu na mkono wangu. Clive akasema, kama mtu anayenitetea, "Pengine hakukusudia ubaya. Kwao huko labda dhahabu wanaisugua kwa majivu." Nilimtazama Mzee Walter anitetee. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, anaigeuza juu na chini. Nikamtazama Bi Maureen. Alikuwa ameinamisha kichwa. Huyo wa mahamri! Nikasema moyoni, basi ndiye huyu, na kama siye, anamjua. Dennis akanipa muda hadi watakapokutana tena. Nikikiri, nitaondoka kimya kimya. Nisipokiri, polisi. Hakunifukuza siku ile kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumlea mjomba wake mdogo, samahani, baba yake mdogo, maana kwao wote hao wana jina moja, nasi tuna majina yetu.

Jioni hiyo nilipitia kwa jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, tunayeabudu naye. Alikuwa ameivisha sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa kwao, na bugali umesimama mezani kama kilima. Nikamweleza. Akaacha kula, na si mwepesi wa kuacha kula.

"Dada, mule mu nyumba utoke. Kitu ya bei ikipotea kwa muzungu, banaanzaka na mwenye kupangusa."

"Haikupotea, Mama Furaha. Inang'aa tu."

"Inang'aa? Ni mubaya zaidi! Ingepotea, bangetafuta mwizi. Sasa banatafuta weye. Voilà." Akanisukumia sahani. "Kula. Polisi hawakamatake mutu mwenye kushiba, hawezi kuingia mu gari yabo."

Nilicheka na machozi yananitoka. Wakesho alipotoka zamu akasema, "Mama, usirudi pale bila shahidi." Lakini nisiporudi ningekuwa nimekiri. Usingizi ulinikataa nikiwapima mmoja mmoja. Clive: dukati ikiharibika bei inashuka, na nani atakayeinunua kwa bei ya chini kama si mwenye duka? Dennis: anataka sababu ya kunitoa ili Mzee abaki peke yake, aanguke, apelekwe. Maureen: kwa nini hakunena? Nilimshuku kila mtu isipokuwa yule aliyevaa ufunguo.

Jumapili nilitangulia kwenda kumwandalia Mzee kifungua kinywa kabla ya ibada. Nilifungua mlango kwa ufunguo wangu nikasikia maji jikoni. Alikuwa amesimama kwenye sinki, amevaa suti yake nzuri na slipa za kulalia. Mkono mmoja mswaki, mkono mwingine dukati, na povu la dawa ya meno limemfika kwenye vifundo. Kando, juu ya kitambaa cha vyombo, alikuwa ameulaza mkufu wa dhahabu, ameunyoosha vizuri. Alikuwa akisugua na kusema bila kugeuka, "Iko karibu, Elsie. Usinune, mpenzi. Kipete nitakirudisha, nimeshamwambia fundi. Leo utaivaa kanisani, nao waseme wanachotaka."

Nilisimama pale na mkoba begani. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, nawaambieni kweli, kwa sababu nilikuwa nimeokoka. Kisha akageuka kunionyesha, na uso wake ulikuwa wa kijana. Furaha ikaniishia. Nilichukua taulo nikamkausha mikono, kidole kwa kidole. Dukati niliishika ukingoni. Baadaye kidogo, tulipokuwa tumeketi na uji wa shayiri, akanitazama akasema, "Eunice, kwa nini kamba ya ufunguo wangu imelowa?" Nikamwambia nimemwagia chai. Akasema si neno.

Basi fikirieni. Neno langu moja lilitosha kuniokoa, na neno hilo hilo lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwake. Ningemwambia nani? Namba ya Bi Maureen ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na simu. Nilimpigia, sijui nilipata wapi ujasiri, kwa sababu bado nilimshuku. Akaja mchana huo huo, akaketi jikoni na koti lake, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Alitazama pale penye sinki.

"Kile kipete," akasema, "mimi ndiye niliyemwambia akiondoe. Clive alikuwa bado hajajuana nasi. Nilimwambia Walter sarafu ya namna hii si kidani, ni historia. Elsie alikuwa amesimama pale, anakausha sahani. Alikausha sahani ile ile muda wote niliozungumza. Hakuivaa tena, na mimi nikaendelea kuja kila mwezi kuitazama." Akapangusa pua. "Kuhusu Jumamosi, niachie mimi. Wewe usiseme lolote, bab. Nikiwa hai, usiseme."

Nikamwuliza, maana sikuweza kujizuia, "Wewe unapata nini?" Akacheka kidogo akasema hapati kitu. Nilimsindikiza mlangoni nikiwa naamini, kusema kweli, kwamba anakwenda kunichongea.

Walipokutana tena, Dennis alikuwa amevaa tai. Aliniita nisimame karibu na meko, kama shuleni. Kabla hajafungua mdomo, Bi Maureen aliichukua dukati kutoka kwenye kitambaa, akailaza kiganjani, kiganjani kabisa, akainamisha uso juu yake na kusema, maneno na pumzi na mate vyote vikiishukia: "Mwacheni Eunice. Ni mimi. Walter aliniachia ufunguo alipokwenda msalani, nikaisugua. Nilitaka kuiona inavyong'aa, mara moja kabla sijafa."

Nilimwona Clive akinyoosha mkono kama mtu anayezuia mtoto asianguke motoni. Alimnyang'anya dukati, akavuta na kitambaa chote upande wake. "Maureen," alisema, "wewe? Wewe uliyenifundisha?" Hakuna aliyepaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Dennis alinitazama mimi, akamtazama baba yake mdogo, akamtazama tena Bi Maureen, na mpaka leo nadhani alijua, au alijua nusu. Mzee Walter alisema tu, "Maureen alikuwa rafiki wa Elsie," na ilikuwa kweli.

Hawakumpa tena sarafu mkononi. Miezi iliyofuata alikuja, akaketi na mikono mapajani, wenzake wakazungusha droo zikampita kama sahani za msibani zinavyompita mtu aliyefunga. Kisha akaacha kuja, na nikasikia hata kwenye minada yao watu walimgeuzia mgongo, maana habari ile ilienea kuliko habari ya kifo. Dennis hakuniomba radhi. Aliniletea boksi la chokoleti, nikampa Mama Furaha. Mzee nilikaa naye hadi mwisho, akafia kitandani kwake, dirisha la bustani limefunguliwa kama alivyotaka. Dukati Dennis aliiuza, na aliyeinunua ni Clive Ostler, kwa bei ya kitu kilichoharibika. Hapo pia nina shaka zangu, lakini shaka si ushahidi, nilifundishwa hivyo mwaka ule kwa maumivu.

Maureen nilimtembelea kila nilipoweza, kwa mahamri. Mara nyingi nilimwambia, sasa Mzee amekwenda, hana nyumba ya kupoteza, tuseme. Akasema, "Ukisema, watasema alikuwa mwehu. Wacha waseme mimi ni mjinga." Nimeitunza ahadi yake hadi alipofukiwa, na hakuahidiwa zaidi ya hapo.

Huenda nimekosea mahali. Labda Clive aliketi upande wa dirisha na si wa meko, labda lile koti lilikuwa la mama yake Elsie na si la Elsie, labda maneno ya Kiingereza nimeyapanga vizuri kuliko yalivyotoka. Clive yu hai, Dennis yu hai, Mama Furaha yuko hapa mtaa wa pili: wanisahihishe, nitashukuru, nitafuta na kuandika upya. Lakini kuhusu mkono ulioshika mswaki sihitaji msaada wa mtu. Jikoni Jumapili ile tulikuwa wawili, Mzee Walter Hadley na mimi, na Maureen Tranter hakuwapo.